Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: Marehemu aliwahi

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Mkoa,

Nakuandikia kwa heshima inayostahili ofisi yako, na uniwie radhi mapema heshima hiyo ikinipungukia njiani. Mimi ni daktari katika mkoa wako. Tumewahi kukaa kikao kimoja. Leo naandika kama kaka wa marehemu.

Mdogo wangu alifariki katika hospitali ya wilaya kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Kikao cha kujadili vifo vitokanavyo na uzazi kikakaa, taarifa ikapanda mezani kwako, ikasainiwa. Sababu iliyoandikwa ni kwamba familia ilichelewa kumleta. Juzi ofisa wa afya alitumwa kijijini kwetu kuhimiza wajawazito wawahi hospitali, na chini ya mwembe, mbele ya mama yangu, akamtolea mfano marehemu.

Kadi yake inaonyesha alipokelewa saa nane mchana, njia imefunguka sentimita nne. Alijifungua saa tatu usiku. Huko kuchelewa kulikuwa wapi?

Nimelisoma faili lote. Kwenye mstari wa dawa pameandikwa: oksitosini, uniti 10, amepewa. Ni kweli amepewa. Dawa hiyo hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na friji ya wodi ya wazazi ilikuwa imekufa tangu kabla ya kiangazi. Vichupa vilikaa kabatini, ndani ya wodi ya bati ambayo mchana hata kuegemea ukuta huwezi. Oksitosini ikiharibiwa na joto haibadiliki rangi. Inavutwa kwenye bomba la sindano vilevile, inachomwa pajani vilevile, na mkunga anaandika vilevile: amepewa.

Mji wa mimba haukukaza. Mkunga, ambaye usiku ule alikuwa peke yake na simlaumu, akachoma tena. Faili linasema amepewa. Akatundika dripu yenye dawa ileile kutoka kabati lilelile. Faili linasema amepewa. Damu iliyopotea ilikadiriwa kwa macho kuwa mililita 400, yaani bado chini ya zile 500 tunazozihesabu kuwa hatari. Shemeji yangu alirudi nyumbani na beseni alilokwenda nalo mkewe, ndani yake khanga tatu zimelowa za kukamuliwa. Mililita 400, Mheshimiwa.

Damu ya kuongezewa haikuwepo. Gari la wagonjwa lilisubiri familia ichangie mafuta. Hayo nayapita.

Siwezi kuipita friji ya pili. Ukivuka korido kutoka leba kuna friji ya chanjo, nzima, yenye nafasi. Mlangoni pake imebandikwa karatasi ya joto inayojazwa asubuhi na jioni, hata Jumapili. Nimeisoma mwenyewe: nyuzi 4, 5, 4. Lakini friji ile ni ya chanjo, ufunguo anao mratibu wa chanjo, na oksitosini si chanjo. Utaratibu umezingatiwa, hongereni.

Wala tusisingizie kutojua. Utafiti wa WOMAN wa 2017, ulioonyesha kwamba asidi ya traneksamiki ikitolewa ndani ya saa tatu huokoa mzazi anayetokwa na damu, ulihusisha wanawake wa Tanzania. E-MOTIVE wa 2023 ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu. Mzazi alitandikiwa mfuko wenye vipimo ili damu ipimwe badala ya kukisiwa, na matibabu yote yakaanza kwa mpigo. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yakapungua kwa asilimia 60. Karbetosini inayostahimili joto, ifanyayo kazi kama oksitosini, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019. Elimu hii imetoka kwa akina mama wa leba kama ile. Imefika kwenye makongamano, na mimi mwenyewe nimeitolea mada hotelini, kwenye kiyoyozi. Kule ilikotoka haijarudi.

Faili nimelisoma kwa sababu mimi ni daktari. Shemeji yangu ni mkulima. Yeye aliambiwa ni mipango ya Mungu, akasaini, akachukua mwili. Ningekuwa fundi cherehani, leo ningeamini kwamba sisi ndio tuliomuua kwa kuchelewa. Mama anaamini hivyo hadi sasa. Anajilaumu kwamba siku ile alimwambia anywe kwanza uji ndipo waondoke.

Vikao vyetu vina kanuni njema: hatutaji jina, hatulaumu mtu. Ajabu ni kwamba aliyelaumiwa yupo, naye ndiye pekee asiyeweza kufika kujitetea. Watafiti Thaddeus na Maine walitufundisha tangu 1994 kwamba kuchelewa ni kwa aina tatu: kuamua, kufika, na kuhudumiwa. Ya tatu ni yetu. Ni mara ngapi tunaitia tiki kwenye taarifa zetu za vifo? Utafiti wa kitaifa wa 2022 unasema vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya 2015/16. Nafurahi kwa dhati. Lakini kadiri namba inavyoshuka ndivyo kila kifo kinavyozidi kuwa aibu ya ofisi fulani, na naona tumepata pa kuitupa aibu hiyo: kwa maskini asiyeweza kusoma faili.

Naomba oksitosini ihamie kwenye friji ya chanjo wiki hii. Hilo halihitaji mfadhili, linahitaji ufunguo. Karatasi ya joto ibandikwe kila wodi ya wazazi mkoani, na uikague wewe mwenyewe, bila kutoa taarifa. Taarifa ya kifo irekebishwe, shemeji yangu asomewe kwa lugha anayoielewa. Na yule ofisa arudishwe kijijini, awakusanye akina mama walewale, awaambie kwamba marehemu aliwahi.

Wako katika kazi,
Daktari, mkoani kwako