Msafiri Maskini, Lakini Si Bubu

Kila mwaka, shule zinapofungwa mwezi Juni na tena Krismasi inapokaribia, kina mama wa Afrika Mashariki wanaoishi Gaithersburg, Germantown na Silver Spring hufunga masanduku na kuelekea uwanja wa ndege wa Dulles kumpeleka mjukuu akaonwe na bibi yake. Wengi husafiri peke yao na mtoto, kwa sababu baba hana likizo au fedha za tiketi nyingine hazikupatikana. Na kila mwaka baadhi yao hukwama njiani. Ndege ya kwanza imechelewa, ya kuunganisha imeshaondoka, na mbele yao kuna usiku mzima kwenye kiti cha chuma na mtoto wa miezi 7. Wakifika Dar es Salaam, Mombasa au Entebbe tunawaambia neno moja tu: "Umefika salama, shukuru Mungu."

Kushukuru ni wajibu. Lakini, ndugu zangu, shukrani hiyo tumeifanya kifuniko cha chungu. Ndani ya chungu kuna mambo mawili ambayo jamii yetu haipendi kuyasikia: kwamba mama huyo alikuwa na haki alizoogopa kuzidai, na kwamba sisi wenyewe ndio tuliomfunga mdomo na mikono kabla hajavuka mto Potomac.

Mdomo tunamfunga kwa methali. "Msafiri maskini ajapokuwa sultani," tunasema, tukimaanisha vumilia, usisumbue watu, uko kwa wenyewe. Naomba tuisome methali hii upya. Kwa jinsi ninavyoielewa mimi, haimwambii msafiri anyamaze. Inamwambia mwenyeji kwamba hata sultani akiwa nje ya kwake hana kitanda wala jiko, kwa hiyo mzigo wa kumhudumia ni wa mwenye nyumba.

Watu wa Gander waliuelewa mzigo huo bila kuijua methali yetu. Tarehe 11 Septemba 2001, anga ya Marekani ilipofungwa, ndege 38 zenye watu zaidi ya 6,500 zilitua ghafla katika mji huo mdogo wa Newfoundland, Canada, wenye wakazi wapatao 10,000. Wenyeji walifungua shule, makanisa na nyumba zao, wakaleta chakula, blanketi na nepi. Lakini viwanja vya ndege tunavyopita sisi si Gander. Huko ukarimu umeandikwa kwenye sheria na mikataba, na sheria haimjii asiyeiita.

Kundi jingine la washauri ni waandishi wa kurasa za utalii. Kwao kukwama njiani ni zawadi: weka mizigo kwenye kabati la uwanja, panda treni, nenda kaangalie mifereji ya Amsterdam au mnara wa Eiffel, urudi jioni umeburudika. Sina ugomvi na mifereji. Ugomvi wangu ni kwamba ushauri huo umeandikwa kwa ajili ya pasipoti fulani, ambayo mama zetu wengi hawana.

Chukua mfano wa mama Mtanzania mwenye grini kadi, anayesafiri na mtoto mwenye pasipoti ya Marekani. Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo wengi tumebaki na pasipoti ya nyumbani. Mama huyu amekwama Schiphol usiku. Mtoto, ambaye hata kukaa vizuri bado, anaruhusiwa kuingia Uholanzi bila viza. Mama hawezi. Kitanda walichopewa na shirika la ndege kikiwa mjini, kiko ng'ambo ya kibanda cha uhamiaji, na anayenyonya ana ruhusa ya kukifikia ila anayenyonyesha hana. Addis Ababa mambo hugeuka: mama Mkenya huingia Ethiopia bila viza, na mtoto wake wa pasipoti ya Marekani ndiye anayeihitaji.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kununua tiketi si bei peke yake. Ni hili: tukikwama hapo, tutalala upande gani wa mpaka? Na kwa aliyekwisha kukwama kuna jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Kanuni za viza za nchi za Schengen zinaruhusu, katika dharura isiyoweza kutazamiwa, viza iombwe mpakani hapo hapo. Afisa anaweza kukataa, lakini hawezi kukubali ombi ambalo halijatolewa. Asiyeuliza hana alijualo.

Haki nyingine hazitegemei pasipoti kabisa. Tangu tarehe 17 Februari 2005, kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya inamlinda kila abiria anayeondoka kwenye uwanja wa nchi za umoja huo, awe raia wa wapi na shirika liwe la wapi. Ndege ikifutwa au ikichelewa sana kuondoka, shirika linatakiwa kumpa chakula na kinywaji kulingana na muda wa kusubiri, simu mbili za bure, na hoteli pamoja na usafiri kama ni kulala. Mwaka 2010 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilifunga anga ya Ulaya kwa siku kadhaa, na maua ya Kenya yakaoza kwa kukosa ndege. Ryanair ilikataa kumgharimia abiria mmoja aliyekwama, ikidai kwamba tukio lile lilikuwa nje ya mambo ya kawaida. Tarehe 31 Januari 2013 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata volkano haiondoi wajibu wa kumlisha na kumlaza abiria. Sasa jiulize: kama volkano si kisingizio, dhoruba ya mvua itakuwaje?

Hapa Marekani mkono ni mgumu zaidi. Hakuna sheria ya taifa inayolazimisha hoteli. Kuna ahadi za kila shirika, na inafaa kuzisoma kabla ya safari. Lakini sheria ya Mei 2024 inampa abiria haki ya kurudishiwa nauli akiamua kutosafiri, ndege ya kwenda nje ikichelewa saa 6 au ya ndani ikichelewa saa 3. Sheria ya Oktoba 2018 inavitaka viwanja vikubwa na vya kati viwe na chumba cha kunyonyeshea katika kila jengo la abiria, chenye kiti, meza na umeme, na kisiwe choo. Maziwa ya mtoto hayafungwi na kikomo cha mililita 100 kwenye ukaguzi. Na juu ya yote upo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Marekani, Kenya, Tanzania na Ethiopia zote zimo. Chini ya mkataba huo msafiri anaweza kudai gharama alizoingia kwa kucheleweshwa, isipokuwa shirika lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua iliyostahili. Muda wa kufungua madai ni miaka 2. Ndiyo maana risiti ya kila pakiti ya nepi haitupwi.

Nawasikia wanaosema: huyu anawafundisha dada zetu ujeuri. Mtu mweusi mwenye lafudhi ya kwetu akipandisha sauti kaunta anaitiwa polisi, na ndege inayofuata anaweza kuikosa. Hofu hiyo siibezi. Ina sababu zake, na kila anayeishi nchi hii anazijua. Lakini kudai si kupayuka. Ni sentensi tatu zinazosemwa taratibu: naomba mtulaze, mimi na mtoto, naomba chakula chetu, na kama jibu ni hapana, naomba liandikwe pamoja na sababu. Mama ambaye kila mwezi anasimama mbele ya daktari wa mtoto, mwenye nyumba na benki hashindwi na kaunta. Hushindwa kwa sababu tumemwambia kuwa kusimama hapo ni aibu.

Wengine husema kukwama ni majaliwa, na kunung'unika ni kukosa subira. Subira ni ya mtu mzima anayejua anachosubiri. Mtoto wa miezi 7 hana subira. Ana njaa, joto na usingizi. Mama anayedai kitanda hajidai mwenyewe. Anamdaia asiyeweza kusema.

Sasa nije kwenye mikono, na hapa lawama ni ya kwetu sote. Gaithersburg ni makao makuu ya NIST, taasisi ya Marekani inayotunza vipimo, na mizani yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizowezesha kilo kupewa maana mpya mwaka 2019. Katika mji huu huu, sebuleni mwetu, kilo 23 za sanduku la mama mwenye mtoto hazijawahi kuwa zake. Habari ya safari ikisikika tu, vifurushi vinaanza kufika: viatu vya shule vya mpwa, vitamini za mzee, manukato ya wifi. "Kidogo tu dada, hata kilo haifiki." Vidogo kumi ni kilo kumi. Na kwa kuwa hakuna anayeliamini sanduku la chini, vitu vya thamani huingia begi la mkononi.

Hebu fikiri maana yake anapokwama. Sanduku kubwa liko tumboni mwa ndege au limekwisha kutangulia. Alichobaki nacho ni lile begi la mkononi, na ndani yake kuna simu nne za watu na kompyuta ya shemeji mahali pa nepi, maziwa na nguo za akiba. Hawezi kulala, asije akaibiwa mali ya watu. Hawezi kumbeba mtoto na begi kwenda kutafuta chumba cha kunyonyeshea. Usiku ambao ungeweza kuwa wa kupumzika anaumaliza akilinda zawadi.

Maana usiku huo, mikono ikiwa huru, una faida. Kati ya Maryland na Afrika Mashariki kuna tofauti ya saa 7 wakati wa kiangazi na saa 8 wakati wa baridi, na kituo cha katikati ndipo mwili wa mtoto unapoweza kuanza kuzoea saa za bibi yake. Mlaze kwa saa za kule anakokwenda. Tandika kanga sakafuni mahali pasipopitwa na watu, umwache atambae, kwani ameshikwa mapajani saa nyingi. Kanga ya pili iwe mbeleko. Mgongoni atalala hata kama kigari kimepelekwa na mizigo. Uliza kilichomo ndani ya uwanja kabla ya kuwaza mji: Schiphol imekuwa na chumba cha kulaza na kuogeshea watoto wachanga, tawi la makumbusho ya Rijksmuseum lilifunguliwa humo mwaka 2002 na maktaba mwaka 2010, vyote bila kuvuka uhamiaji.

Na begi la mkononi liwe na nepi na maziwa ya saa 24 zaidi ya yanayohitajika, cheti cha kuzaliwa, na barua ya baba iliyothibitishwa mbele ya notari. Kwetu mtoto hubeba jina la baba yake na mama hubaki na jina la baba yake. Afisa wa ugenini huona majina mawili tofauti na kuanza maswali.

Ninaiomba jamii yetu mambo mawili. La kwanza, anayesafiri peke yake na mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe kifurushi cha mtu, hata kilo moja. Tuna ndugu wengi wanaosafiri bila watoto, na zipo kampuni za kusafirisha mizigo. Anayeona gharama yake ni kubwa ajue kwamba gharama hiyo hadi leo imelipwa na dada yake. La pili, pale tunapokutana kumuaga msafiri, pamoja na dua, tumpe karatasi moja yenye haki zake za kila kituo atakachopita na namba ya mtu wa hapa atakayepokea simu saa yoyote ya usiku.

Bibi huko nyumbani anamngoja mjukuu. Manukato yanaweza kumfikia mwezi ujao.