Kabla ya kusema "jina lako haliko", mufungue faili

Jumatatu asubuhi mama mmoja alifika kwenye redio yetu, mtoto mgongoni, jetoni mkononi. Akanisalimia vizuri, kisha akauliza: "Papa mwanahabari, siku ile ulisoma majina ya watu wa kupokea pesa, mbona la kwangu uliliruka?"

Sikuliruka. Nilisoma listi jinsi ilivyotumwa na shirika linalogawa msaada. Kwenye meza ya ugawaji walimwambia jina lake haliko, arudi kambini kungojea uandikishaji mwingine. Lakini aliandikishwa, na jetoni ni ushahidi.

Nilimtafuta kijana aliyetengeneza programu ya kusoma listi. Hakukasirika, akafungua mashine mbele yangu. Katika faili ya kwanza, ile iliyotoka kwa waandikishaji, jina la mama lilikuwamo bila kosa.

Basi lilipotelea wapi? Faili ya namna hii, wanaiita CSV, ni maandishi matupu. Kila familia ina mstari wake, na koma ndiyo inatenganisha jina, mahali walikotoka, hesabu ya watu na namba ya simu. Waliosema "Kitshanga" peke yake hawakupata shida. Mama huyu alieleza vizuri zaidi: "Kitshanga, Masisi". Koma ile ni ya anwani, haitenganishi kitu, ndiyo maana Excel ilipohifadhi faili iliifunga anwani nzima ndani ya alama za kunukuu. Programu ya kijana haikuangalia alama hizo, ilikata kila ilipoona koma. Masisi ikawekwa mahali pa hesabu ya watu. Ile 7, watu wa nyumba yake, ikawekwa mahali pa simu. Programu ikaona simu yenye tarakimu moja, ikatupa mstari mzima, kimya kimya.

Watu saba wakakosa chakula kwa sababu mama alitaja kwao kikamilifu.

Kuna wanaosema waandikishaji wakatazwe kuandika koma. Mimi nakataa. Mtu aliyekimbia vita akiacha nyumba na shamba, tusimwombe tena afupishe jina la kwao ili mashine isichoke. Dawa ipo na si ghali. Kijana alitumia Python, akakata mistari kwa split(","). Python hiyo hiyo ina moduli ya csv, ipo tangu 2003, na inajua kuheshimu alama za kunukuu. Hata kanuni iliandikwa waziwazi mwaka 2005, katika RFC 4180: sehemu yenye koma ndani yake ifungwe kwa alama za kunukuu. Kijana alibadilisha mistari michache tu, mama akatokea na watu wake saba.

Sisi wa nchi zinazotumia Kifaransa tuna mtego mwingine. Tunaandika 2,5 kwa koma, kwa hiyo Excel ya Kifaransa mara nyingi hutenganisha kwa nukta-mkato. Programu inayongojea koma itaona mstari wote kama kitu kimoja. Huo si wa kuogopwa sana, maana unaonekana mara moja. Mbaya zaidi ni sifuri: ukifungua faili ya CSV kwa Excel kwa kubofya tu, namba inayoanza na 099 inabaki 99, na ukihifadhi hivyo, sifuri imekwenda. Namba ya simu isomwe kama maandishi. Hakuna mtu anayejumlisha namba za simu.

Ninachoomba mashirika ni kidogo. Programu ikitupa mstari, iuandike pembeni pamoja na sababu. Mistari iliyoingia na iliyotoka ihesabiwe, na tofauti ielezwe kwa machifu wa bloki kabla ya siku ya ugawaji. Mtu akija na jetoni, faili ya kwanza ifunguliwe mbele yake kabla ya kumrudisha.

Na wewe uliye kambini, usikubali jibu la "haliko" peke yake. Uliza: ni listi gani mumeangalia, ile ya uandikishaji ao ile iliyotoka kwenye mashine?

Mimi nami nilikosea. Nilisoma majina kwenye mikro bila kuuliza familia ngapi zilikuwa zimeandikishwa. Listi ijayo sitaisoma hewani mpaka nipewe hesabu zote mbili, na pamoja nazo mistari iliyotupwa. Mama huyo ameniambia atasikiliza.