Mazoezi ya Uigizaji wa Papo kwa Papo na Suala la Lugha

Utangulizi

Makala haya yanahusu mazoezi wanayopewa waigizaji wa vikundi vinavyoigiza bila mswada, yaani wale ambao maneno yao huzaliwa jukwaani mbele ya hadhira. Si nia yetu kuyaeleza mazoezi hayo moja baada ya jingine. Vitabu vya kazi hiyo vipo, na mwalimu wa sanaa za maonyesho hakosi kuvijua. Nia yetu ni kutoa hoja moja, nayo ni kwamba mazoezi hayo, jinsi yanavyofundishwa katika vyuo na vikundi vyetu vya Afrika Mashariki, huchukuliwa kana kwamba lugha si sehemu yake. Matokeo yake ni mwigizaji aliye hodari wa viungo na maskini wa majibu.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Uigizaji wa papo kwa papo tunaoukusudia si uigizaji usio na mpango. Kikundi huweza kukubaliana juu ya mahali, wahusika na hata mgogoro. Kinachoachwa wazi ni maneno na, aghalabu, mwisho. Kwa maana hiyo vichekesho vilivyoenea tangu zama za ukoloni, ambavyo Ebrahim Hussein alivijadili katika tasnifu yake aliyoiandika Berlin katika miaka ya 1970, vinaingia humu. Ndivyo yalivyokuwa pia maigizo ya Muungano na ya Tanzania One Theatre katika kumbi za Dar es Salaam miaka ya 1990, ambayo waigizaji waliyaandaa kwa mazungumzo pasipo kuandikiwa maneno yao. Kwa hiyo sanaa yenyewe si ngeni kwetu. Yaliyo mageni ni mazoezi.

Mazoezi yalikotoka

Mazoezi yanayotumika zaidi asili yake ni watu watatu. Viola Spolin (1906–1994) alijifunza michezo ya vikundi kwa Neva Boyd katika Hull House, jumba la huduma za jamii mjini Chicago, kisha akaiendeleza mwishoni mwa miaka ya 1930 alipofanya kazi na watoto wa wahamiaji na wa familia maskini wa mji huo. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1963. Keith Johnstone (1933–2023), Mwingereza aliyefanya kazi katika ukumbi wa Royal Court mjini London kabla ya kuhamia Calgary, Kanada, alichapisha kitabu chake Impro mwaka 1979. Naye Augusto Boal (1931–2009) wa Brazili alizikuza mbinu zake za maigizo ya baraza akiwa Peru mwaka 1973, katika kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma.

Jambo lisilotiliwa maanani ni kwamba wawili kati ya hao walikabili vikundi visivyokuwa na lugha moja ya kuaminika. Watoto wa Spolin walitoka katika nyumba zenye lugha mbalimbali. Wanafunzi wa Boal wengi walikuwa wenyeji ambao Kihispania hakikuwa lugha yao ya kwanza. Walizungumza Kiquechua, Kiaymara na lugha nyingine. Basi ilikuwa busara kubwa kubuni zoezi la kioo, ambalo mmoja huiga mwendo wa mwenzake. Kurushiana mpira usioonekana. Kuzungumza kwa sauti zisizo maneno. Na kuchonga "sanamu" kwa miili ya watu. Njia hizi zilipita kando ya lugha kwa sababu lugha ilikuwa kizuizi.

Kikundi cha vijana wa Tanga, Morogoro au Mombasa hakina kizuizi hicho. Kina Kiswahili, tena Kiswahili cha matani, mafumbo na vijembe vya kila siku. Kukianzisha kwa kukifundisha kuikwepa lugha, na mara nyingi kukiacha papo hapo kwa kuwa muda wa warsha umekwisha, ni kumtibu mtu maradhi asiyougua. Hatusemi kwamba zoezi la kioo halina faida. Humfundisha mtu kumtazama mwenzake, na hilo si dogo. Lakini kumtazama mtu si kumsikia.

Neno moja moja

Pale ambapo mazoezi ya kigeni yanagusa lugha, huletwa bila kupimwa dhidi ya sarufi yetu. Chukua zoezi la Johnstone la kusimulia kisa kwa zamu, kila mchezaji akitoa neno moja tu. Lengo lake ni kumnyima mchezaji nafasi ya kupanga kisa peke yake. Kwa Kiingereza neno la kwanza laweza kuwa kibainishi kisichomfunga anayefuata kwa lolote. Anaweza kuleta mfalme, kisu au mvua. Katika Kiswahili, mchezaji akianza na "Kile", amekwisha kuchagua ngeli. Wa pili anaweza kuleta kisima, kijiji au kitabu. Hawezi kuleta mvua wala mfalme, isipokuwa amdunishe mfalme huyo kwa kiambishi cha udogo, jambo ambalo lenyewe ni ubunifu wa kupigiwa makofi.

Tuseme wa pili ameleta "kisima". Wa tatu anasema "kilichokauka", wa nne "kikanguruma". Kila mmoja amelazimika kukisikia kiambishi cha mwenzake kabla ya kufungua kinywa, na aliyekuwa akiwazia kisa chake mwenyewe anafichuka papo hapo, kwa maana upatanisho wake utakwenda kombo na wote watausikia. Upatanisho wa kisarufi, ambao mwanafunzi wa Kiswahili huuona kuwa ni jedwali la kukariri kwa ajili ya mtihani, hapa unakuwa kipimo cha usikivu ambacho Johnstone hakuwa nacho.

Kwa upande mwingine, kitenzi chetu kina uzito ambao zoezi la asili halikuutazamia. Anayesema "akamnyang'anya" ametoa mtenda, mtendwa, mfuatano wa wakati na tukio zima. Katika Kiingereza kazi hiyo ingegawanywa kwa wachezaji watatu au wanne. Kwa hiyo mchezaji mwenye pupa huweza kukiteka kisa kizima kwa neno moja halali kabisa, na mwalimu anayefuata kitabu hatajua kwa nini zoezi limedorora. Sisi tumeona likichangamka kitenzi kilipokatwa katikati: mmoja akatoa "wakam-", mwenzake akamalizia kwa "-fukuza", "-funika" au "-fuga". Kiambishi -ka- ni ahadi kwamba jambo linafuata, na anayeachiwa ahadi hiyo midomoni mwa mwenzake hana pa kukimbilia. Wanaisimu waliozoea kuuliza mofimu ina dhima gani katika sentensi wangeweza kuuliza hapa ina dhima gani baina ya watu wawili.

Hadhi na salamu

Mchango mkubwa wa Johnstone ni mazoezi ya hadhi. Alionyesha kwamba hakuna mazungumzo ambayo wasemaji hawapandi au kushuka, wala hawajipandishi au kuwashusha wenzao. Waigizaji hufundishwa kuyafanya hayo kwa shingo, kwa pumzi na kwa macho. Kwa mfano, anayeyaondoa macho kisha akachungulia tena upesi huhesabiwa kuwa amejishusha. Katika jamii zetu alama hiyo haina maana moja. Kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa wake anatimiza adabu, na kwa adabu hiyo heshima yake huweza kupanda machoni pa watazamaji.

Kwetu hadhi husafiri zaidi katika salamu na katika majina ya kuitana. Tuwape waigizaji wawili hali hii: ofisa wa mikopo, kijana wa miaka ishirini na mitano, anamwendea mdaiwa sugu ambaye alimfundisha darasa la tano. Mwalimu anangoja shikamoo yake. Kijana anangoja fedha. Wasiruhusiwe kutaja deni mpaka salamu iishe. Kijana anaweza kusema "Shikamoo, mwalimu" kwa sauti ya mtoto wa shule, na akawa amepoteza nusu ya madai yake kabla ya kufungua mkoba. Mwalimu anaweza kuitikia "Marahaba, bosi", na kwa neno hilo moja la mwisho akakirudisha mlangoni kila alichokipokea. Au kijana akaanza na "Habari za hapa?", na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Kisha ziulizwe habari za nyumbani, za watoto, za mama, za mvua. Kila swali ni ngazi ambayo mmoja anapanda au anateremka. Zoezi hili halihitaji hata kiti. Tunashangaa kwamba wanafunzi wanaojifunza kupandisha na kushusha hadhi kwa kukaza shingo hawaulizwi kamwe nani aanze kuamkia.

Kukubali jibu

Kanuni inayohubiriwa kuliko zote ni ile ya kukubali: mwenzako akileta jambo, ulipokee na kuliongezea. Katika warsha zetu hufasiriwa kuwa "Ndiyo, na...", nao vijana huanza kila kauli kwa "ndiyo, na" kama kwaya. Ni tafsiri mbovu, kwa kuwa Kiswahili kina sanaa nzima ya kupokea ambayo haianzi hivyo. Anayetega kitendawili hawezi kuendelea mpaka aambiwe "Tega". Msimulizi akisema "Paukwa" hana hadithi mpaka aitikiwe "Pakawa". Na walioshindwa kutegua huambiwa "Nipe mji", wakautoa, na mtegaji akasafiri katika mji huo kwa maneno yake kabla ya kutoa jibu. Huo mji ni zawadi itokayo kwa walioshindwa, na mtegaji hakuuchagua. Tunalo hapa zoezi kamili: kushindwa kwa mmoja kunakuwa malighafi ya mwenzake. Malumbano ya ushairi nayo humtaka ajibuye aichukue bahari ya mwenzake, na aghalabu vina vyake, ndipo ampinge. Humpinga akiwa amekwisha kumpokea.

Suala hili si la mbinu tu. Vikundi vingi leo huishi kwa kazi za kueneza ujumbe, hasa wa afya, navyo hutangaza kwamba vinaishirikisha hadhira. Tuseme igizo linahusu chandarua, na mwanamke mmoja anasimama na kusema kwamba chandarua chake amekitandika ufukweni kuanikia dagaa, kwa kuwa dagaa ndio karo ya mtoto. Hilo ndilo neno ambalo maigizo yote yaliandaliwa ili lisikike. Mwigizaji aliyefunzwa kupokea angegeuka papo hapo kuwa mnunuzi wa dagaa, au mtoto anayesubiri karo huku ana homa, na onyesho lingeingia ndani ya nyumba ya mwanamke yule. Aliyefunzwa kioo na mpira usioonekana atamjibu kwamba chandarua ni cha kulalia. Mwanamke ataketi, hatasema tena, na ripoti itaandika kwamba hadhira ilishiriki.

Kwa hakika huo si uigizaji wa papo kwa papo bali ni ngonjera iliyovuliwa vina. Ngonjera, kama Mathias Mnyampala alivyoikuza katika vitabu vilivyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, humkutanisha asiyejua na ajuaye, na mwishoni asiyejua hukubali. Ilitumika sana kuieleza siasa iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, na hatuna ugomvi nayo, maana msikilizaji alijua tangu ubeti wa kwanza kwamba anafundishwa. Igizo la ujumbe humwuliza maoni yake huku jibu limekwisha kuandikwa na mfadhili. Mradi wa Malya, wilayani Kwimba, ambao Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuendesha mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulianza kwa kuwaachia wanakijiji wenyewe wachambue matatizo yao, nao ulirudi kijijini zaidi ya mara moja. Ratiba za siku hizi hazina nafasi hiyo. Angalau mazoezi yamwandae mwigizaji kustahimili jibu asilolitarajia kwa dakika tano.

Utani na mtihani

Shule ya kustahimili jibu ipo, nayo ni utani. Katika jamii nyingi za Tanzania mtani huja msibani akamwigiza marehemu, mwendo wake, sauti yake na hata uchoyo wake, mbele ya wafiwa, nao hawana ruhusa ya kukasirika. Utani kati ya Wanyamwezi na watu wa pwani ulikuzwa na misafara ya karne ya 19. Ni mkataba wa wageni waliohitaji kuvumiliana njiani. Hatupendekezi uletwe jukwaani jinsi ulivyo. Ridhaa yake hurithiwa, na kikundi cha mjini chenye vijana wa makabila kumi hakina urithi huo. Kinaweza hata hivyo kupiga kura, kila mwanachama akapata mtani wake kwa muda wa mwezi mmoja, kwa masharti yaliyotajwa mapema: ulemavu, maradhi na kabila la mtu visiguswe, na anayetaniwa asijibu kwa kukana bali kwa kuliongeza neno alilotupiwa.

Idara za Kiswahili zina kazi mbili hapa. Mazoezi haya yarekodiwe na kunukuliwa, maana ni data ya fasihi simulizi inayozaliwa na kupotea kila jioni katika kumbi zetu, wakati watafiti wanasafiri mbali kuitafuta. Na mtihani wa uigizaji ubadilishwe. Hivi sasa mtahiniwa hupimwa kwa onyesho alilolikariri, au kwa kicheko alichokivuna. Wapewe wawili wawili hali wasiyoijua, kama ile ya ofisa na mwalimu wake. Mazungumzo yao yanukuliwe. Na mtahini apigie mstari kila kauli iliyochukua kitu kutoka katika kauli iliyotangulia, kiwe ngeli, jina la kuitana au kosa la ulimi. Alama zitolewe kwa mistari hiyo.