Kunakili si kutayarisha

Wasomaji wangu, leo nimekuja na fimbo. Kuna tabia ambayo sisi mafundi wa tarakilishi tumeizoea, na mimi mwenyewe nimewahi kuwa nayo. Unaunda mashine pepe moja, unaweka Windows na programu za ofisi, unainakili mara arobaini, kisha unamwambia mteja kompyuta zake za mbali ziko tayari. Haziko tayari! Umezaa watoto arobaini ukawapa cheti kimoja cha kuzaliwa.

Windows ikisakinishwa hujitungia nambari yake ya usalama iitwayo SID. Ukinakili diski, umenakili na nambari hiyo. Dawa yake ni ya zamani. Kabla ya kuifanya mashine kuwa kiolezo, endesha sysprep /generalize /oobe /shutdown. Ikishazima, usiiwashe tena; inakili hivyo hivyo. Kila nakala itajitungia SID yake siku ya kwanza kuwashwa.

Najua mtakaloniambia: "Lakini Mark Russinovich alisema haina neno." Ni kweli, mwaka 2009 aliandika kwamba hofu ya SID zinazofanana ilikuwa imetiwa chumvi, na programu yake ya NewSID ikastaafishwa. Tatizo ni kwamba wengi walisoma kichwa cha habari wakafunga ukurasa. Katika makala hayo hayo alieleza kwamba Sysprep husafisha mambo mengine pia, na kwamba Microsoft ingeendelea kuidai kwa kila mashine iliyonakiliwa.

Deni lilidaiwa mwaka 2025. Masasisho yaliyotoka kuanzia tarehe 29 Agosti mwaka huo, ya Windows 11 matoleo 24H2 na 25H2 pamoja na Windows Server 2025, yalianza kukagua SID. Mashine mbili zenye SID moja zikakataliwa na Kerberos na NTLM. Mtu anaandika nywila sahihi, anaambiwa si sahihi. Remote Desktop ikagoma. Na suluhisho la kudumu kutoka Microsoft? Zijenge upya mashine hizo kwa njia inayokubalika. Zote!

Nanyi watu wa Linux, msicheke. Ukinakili Ubuntu yenye xrdp bila kuisafisha, nakala zote zinabaki na /etc/machine-id moja na funguo zile zile za SSH za mashine. Mwenye mamlaka ya root kwenye moja anaweza kujifanya ndiye jirani yake. Machine-id ikifanana, mashine mbili zinaweza hata kugombea anwani moja ya IP. Liache faili hilo likiwa tupu, futa funguo, na hakikisha mpya zinatungwa mashine inapowaka mara ya kwanza. cloud-init hufanya kazi hiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anayeumia si sisi. Ni karani aliyefungiwa nje ya kompyuta yake Jumatatu asubuhi, foleni ya watu ikimkodolea macho, naye akidhani ni yeye aliyesahau nywila. Sisi tuliokoa dakika chache tu za kuendesha amri moja.

Kwa hiyo fundi, usiniambie huna muda. Kama huna muda wa kutayarisha kiolezo kimoja, utaupata wapi wa kujenga upya mashine arobaini? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.