Meli Zilizostaafu Kwingine

Juma hili tuzungumze juu ya vyombo vya abiria vya safari fupi, vile ambavyo mtu huvipanda asubuhi bila kuwaaga jamaa zake kwa machozi, kwa kuwa anatumaini kurudi jioni. Msomaji wa bara aweza kudhani kwamba hatari ya bahari iko mbali, katikati ya maji makuu. Sivyo. Wenyeji wa Mombasa wanaikumbuka tarehe 29 Aprili, 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka makumi machache tu ya mita kutoka ufukoni, na watu 272 wakafa.

Lakini chombo ninachotaka kukieleza leo si hicho. Ni Skagit, kilichozama kati ya Dar es Salaam na Unguja, na ambacho maisha yake yafaa kufuatwa tangu mwanzo. Kiliundwa Marekani mwaka 1989 ili kichukue abiria 250 katika maji ya Seattle. Maji yale ni ya chumvi kweli, ila yamezungukwa na nchi kavu na visiwa, kama hori moja kubwa. Kazi yake ilikuwa kuwachukua watu wa kisiwa cha Vashon kwenda kazini mjini, na jioni kuwarudisha makwao. Mwaka 2009 kazi hiyo ikakoma, na mwaka 2011 kikauzwa pamoja na nduguye, Kalama, vyote viwili vikaletwa Zanzibar.

Hapana aibu kununua kitu kilichotumika. Mkulima hununua ng'ombe wa jembe aliyekwisha mtumikia mwingine, akamtazama meno na kwato, naye akamfaa kwa miaka. Lakini ng'ombe aliyezoea tambarare yenye udongo mwepesi, ukimpeleka kulima mteremko wa mfinyanzi, akianguka usimlaumu yeye. Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni zaidi ya kilomita 70, maji yake yako wazi kwa bahari kuu, na mwezi wa Julai kusi huvuma kwa ukali. Tarehe 18 Julai, 2012, Skagit ilitoka Dar es Salaam adhuhuri ikiwa na watu wapatao 290, na watoto miongoni mwao. Karibu na kisiwa cha Chumbe mawimbi yakaipindua. Waliookolewa walikuwa karibu nusu tu.

Na huo haukuwa msiba wa kwanza. Miezi 10 kabla yake, usiku wa tarehe 9 Septemba, 2011, Spice Islander iliondoka Unguja kwenda Pemba. Meli hiyo iliundwa Ugiriki mwaka 1967, ikafanya kazi huko kwa majina mengine, hata ikatufikia sisi ikiwa mzee. Ruhusa yake ilikuwa abiria 600. Tume iliyochunguza ilisema kwamba waliokuwamo walizidi 2,400, na kwamba waliokufa na kupotea walizidi 1,500. Ilizama katika mkondo wa Nungwi kabla ya alfajiri.

Meli za namna hii huwa na uwanda mpana ndani, wa kuwekea magari na mizigo, usiogawanywa kwa kuta. Chukua sinia, tia maji kiasi cha vikombe viwili, kisha uliinamishe kidogo: maji yote yatakimbilia upande mmoja, na sinia litakuponyoka. Maji yakiingia katika uwanda ule hufanya vivyo hivyo, na watu wengi wakiwa juu, meli hukosa nguvu ya kujiinua tena.

Hapa nina neno na makarani. Katika siku zilizofuata msiba ule hesabu ya abiria ilibadilika na kubadilika, maana orodha haikulingana na watu waliokuwamo. Mtoto abebwaye mgongoni hana tiketi, lakini ana uzito na ana roho. Mwenye kalamu pale langoni ndiye mtu wa mwisho awezaye kusema "imejaa", na mimi kwa upande wangu namwona kuwa mkubwa kuliko nahodha kwa dakika zile chache.

Mengine yalibadilika. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliagiza meli mpya kutoka Korea ya Kusini, Mapinduzi II, iliyofika mwishoni mwa mwaka 2015, ichukuayo abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Kwa safari ya Dar es Salaam zimeletwa boti za kasi zenye matumbo mawili, zilizoundwa Australia. Huko Vashon nako, mwaka ule ule wa 2015, walipata boti mpya, Sally Fox, yenye nafasi za watu 278.

Watu hupenda kuuliza kwa nini abiria wenye akili zao walipanda vyombo vilivyojaa vile. Swali hilo huulizwa na mtu asiye na magunia. Boti ya kasi humfaa karani mwenye mkoba mmoja. Mkulima wa Pemba ana karafuu, ana mbuzi, pengine ana mabati na saruji ya nyumba yake, na nauli ameihesabu shilingi kwa shilingi. Yeye huhitaji meli kubwa, ya polepole na ya bei nafuu, nayo si nyingi.