Dishi la intaneti lisinunuliwe kwa pupa



Natoa maoni yangu kuhusu jambo linalowagusa sana wananchi wa vijijini katika wilaya za Kibondo na Kasulu, nalo ni ununuzi wa madishi ya intaneti ya satelaiti kwa matumizi ya nyumbani.

Kwanza niseme wazi kwamba haja ipo. Siku hizi kijana aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa elimu ya juu kwa mtandao, na matokeo ya mitihani yanatazamwa kwa mtandao. Mzazi anayeishi nyuma ya mlima, mahali ambapo simu haishiki mpaka upande juu ya kichuguu, hulazimika kulipa nauli ya pikipiki mpaka mjini na kisha kumlipa mwenye steshenari. Anayemcheka mkulima huyu kwa kutamani dishi hajui adha anayoipata.

Hata hivyo, haja isitutie pupa. Wilaya zetu ni jirani wa Burundi. Huduma ya Starlink ilifunguliwa Rwanda na Kenya mwaka 2023, na Burundi mwaka 2024. Kwetu Tanzania, mpaka katikati ya mwaka 2025, ilikuwa bado haijafunguliwa rasmi. Hapo ndipo mlanguzi anapoona soko. Atakuambia kwamba anga halina mpaka, toa fedha, dishi litavushwa usiku.

Ndugu zangu, anga kweli halina mpaka, lakini leseni inao. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka mtoa huduma awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na vifaa vyenyewe viwe vimekubaliwa. Isitoshe, dishi la aina hiyo linajua liko wapi. Mwaka 2024 kampuni yenyewe ilianza kuwatumia notisi watu waliokuwa wakitumia madishi katika nchi ambazo haikuwa na kibali, kwamba watakatiwa. Ukikatiwa, hakuna fundi wa Kasulu wala wa Bujumbura atakayekurudishia, na mlanguzi humwoni tena.

Wazee watakumbuka kituo cha satelaiti cha Longonot nchini Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1970 na kutumiwa na nchi zote tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tulijifunza kwamba mawasiliano yanayopitia kwa jirani ni ya jirani.

Sasa kwa yule ambaye atapata huduma yenye leseni, naye asitazame bei ya dishi peke yake. Anayenunua ng'ombe huuliza pia atakula nini. Dishi nalo linakula mambo mawili: umeme na ada ya mwezi.

Tuanze na umeme. Gridi ya Taifa ilifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, lakini nyumba nyingi za mbali bado zinategemea sola. Dishi la kawaida la satelaiti za chini linakula kati ya wati 50 na 100. Tuseme ni wati 75 kwa saa nne za jioni. Hizo ni wati-saa 300 kila siku. Sola ndogo ya kuwasha taa tatu na kuchaji simu haiwezi kabisa. Inahitajika betri kubwa na paneli ya kutosha, pamoja na waya wa ardhi kwa ajili ya radi, ambazo sisi wa milimani tunazijua.

Kuhusu ada, huko Kenya huduma ya kawaida ya nyumbani ilipoanza ilikuwa shilingi 6,500 za Kenya kwa mwezi, yaani zaidi ya laki moja za kwetu. Mfanyakazi hupata mshahara kila mwezi, lakini mkulima wa maharage, kahawa au tumbaku huona fedha kwa msimu. Ada haingojei mavuno.

Tena satelaiti si za aina moja. Zipo zinazokaa juu kiasi cha kilomita 36,000, ambazo sauti huchelewa zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Hizo zinatosha kujaza fomu na kusoma barua. Zipo za kilomita 550 hivi, ambazo mnaweza kuzungumza mkitazamana bila kupishana maneno, ila dishi lake linahitaji anga pana lisilozibwa na mikaratusi wala michikichi. Zote mbili husumbuliwa na mvua kubwa.

Kabla ya yote hayo, mwananchi apime mnara kwanza. Mwaka 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Na kama simu inashika juu ya kichuguu, basi antena ya nje iliyofungwa kwenye mlingoti mrefu huenda ikamaliza shida kwa gharama ndogo kuliko dishi.

Pale ambapo mnara haufiki kabisa, kwa maoni yangu dishi la kwanza lisiwe la nyumba ya mtu mmoja. Liwe la shule ya kijiji au zahanati. Katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 watu wa mkoa huu walihamishwa kutoka mashamba yao na kuwekwa vijijini, wakaambiwa kwamba wakikaa pamoja huduma zitawafikia. Basi huduma hii nayo itufikie tukiwa pamoja. Kaya mia moja zikichangia, ada inayomwelemea mtu mmoja itakuwa shilingi elfu moja na ushee kwa kaya.

Kwa hiyo nawaomba wahusika mambo mawili. TCRA itangaze kwenye mbao za ofisi za vijiji vya mpakani, kwa Kiswahili chepesi, ni kampuni zipi za satelaiti zenye leseni. Pili, uwekwe utaratibu rahisi wa kijiji kumiliki dishi na kugawana huduma kihalali. Kukataza magendo peke yake hakutoshi. Mwananchi akifungiwa mlango wa mbele bila kuelezwa sababu, atapita wa nyuma, na mlanguzi anamngoja huko.

Mkulima,
Kibondo, Kigoma.