Kengele ya Bandarini Yataka Mwitikaji

Mnamo Agosti 2025, serikali ya Marekani iliwatahadharisha raia wake kuhusu kamba walioagizwa kutoka Indonesia. Maafisa wa forodha katika bandari za Los Angeles, Houston, Savannah na Miami walikuwa wamegundua dalili za sesiamu 137 katika makontena yaliyosafirisha kitoweo hicho. Kiasi kilichopatikana katika kamba wenyewe kilikuwa kidogo. Hata hivyo, wachunguzi wa Indonesia walifuata nyayo hadi eneo la viwanda la Cikande, mkoani Banten, ambako kiwanda cha kuyeyusha vyuma kilishukiwa kuwa chanzo cha uchafuzi huo.

Kisa hiki chafaa kuzingatiwa na kila msomi wa Afrika Mashariki, kwa sababu kinatuonyesha hatari inakotoka hasa.

Sesiamu 137 ni mojawapo ya vitu nururifu, yaani vile vitoavyo miale isiyoonekana kwa macho wala kunuswa. Miale hiyo ikimpata binadamu kwa wingi humuua. Ikimpata kidogo kidogo kwa muda mrefu, yaweza kumletea saratani. Ndiyo maana katika bandari nyingi kuu ulimwenguni, malori yenye makontena hupitishwa polepole kati ya nguzo mbili zilizo na vipimo maalumu. Nguzo hizo hazirushi miale yoyote. Kazi yake ni kuipokea ile itokayo katika shehena. Ikizidi kiwango cha kawaida, kengele hulia.

Lakini kengele hiyo ina upungufu wake. Hulia kwa sababu ya vigae, mbolea na hata ndizi, kwa kuwa potasiamu iliyomo ndani yake kiasili hutoa miale kidogo. Kwa upande mwingine, urani iliyorutubishwa ya kuundia bomu hutoa miale hafifu, ambayo mhalifu aweza kuizuia kwa kuifunika kwa madini ya risasi. Kwa hivyo mtambo waweza kumpigia kelele asiye na hatia na kumnyamazia mwenye hatia.

Wakubwa wa dunia wamelitazama jambo hili kwa jicho la hofu ya bomu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2007 iliyotaka kila kontena liendalo nchini humo likaguliwe katika bandari ya ng'ambo kabla ya kupakiwa, kufikia Julai 2012. Muda huo uliahirishwa, ukaahirishwa tena, na hadi leo sheria hiyo haijatekelezwa kikamilifu. Gharama ni kubwa, na bandari nyingi hazina nafasi wala watu wa kutosha.

Sidai kuwa hofu ya bomu ni ya bure. Ninalosema ni kwamba, kwa mataifa kama letu, hatari iliyo karibu zaidi imo katika biashara ya vyuma chakavu. Huko Goiânia, Brazil, mnamo Septemba 1987, watu wawili waliokuwa wakitafuta vyuma vya kuuza walichukua sehemu ya mtambo wa kutibu saratani ulioachwa katika kliniki iliyohamwa. Ndani yake mlikuwa na unga uliong'aa rangi ya buluu gizani, na watu wakagawiana kama tunu. Wanne walikufa, akiwemo mtoto wa miaka 6. Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 wakapatikana wamechafuliwa. Miaka michache kabla ya hapo, huko Ciudad Juárez, Mexico, kobalti 60 kutoka mtambo kama huo iliyeyushwa pamoja na vyuma vingine vya kujengea nyumba. Ajali hiyo iligunduliwa kwa sadfa tu mnamo Januari 1984, lori lililobeba vyuma hivyo lilipopita karibu na vipimo vya maabara ya Los Alamos, Marekani.

Basi tuseme kengele imelia. Je, nini hufuata? Jibu tulipewa na bandari ya Genoa, Italia. Mnamo Julai 2010, kontena la shaba chakavu lililotoka Jeddah lilikutwa likitoa miale mikali. Lilitengwa, likazungushiwa makontena mengine kama ukuta, na likakaa hapo takriban mwaka mzima huku watu wakiulizana ni nani alipe na ni nani aliguse. Hatimaye, mwaka 2011, roboti zilitumiwa kulifungua, na ndani mkapatikana kipande cha kobalti 60. Ikiwa taifa tajiri la Ulaya lilisumbuka kiasi hicho, sisi je?

Bandari ya Mombasa haitumikii Kenya pekee. Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo huitegemea pia. Mwaka 2024 ilihudumia makontena zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha futi 20. Sheria ya 2019 ilituundia Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, nayo ile ya 2015 inasimamia vyuma chakavu. Hata hivyo, biashara hiyo ilipopigwa marufuku kwa muda mwaka 2022, sababu ilikuwa wizi wa vyuma vya miundombinu, hasa vya umeme. Naamini wakati umewadia wa kuitazama pia kwa jicho la miale.

Maoni yangu ni kwamba mambo matatu hayana budi kufanywa. Kwanza, ijulikane mapema, kabla ya kengele kulia, ni nani anayelimiliki kontena lililoshukiwa, litawekwa wapi, na fedha za kulishughulikia zitatoka mfuko gani. Pili, kila chombo chenye kitu nururifu, kiwe cha hospitali, cha kiwanda au cha wajenzi wa barabara, kiandikwe tangu kinapoingia nchini hadi kinaporudishwa kwa aliyekiunda. Tatu, vipimo viwekwe pia katika viwanda vinavyoyeyusha vyuma, wala si bandarini tu.

Walimu nao wana sehemu yao. Alama ya hatari ya miale, yenye mabawa matatu meusi katika rangi ya manjano, yaweza kufundishwa kwa dakika kumi, na mwanafunzi asiisahau maishani. Kijana aokotaye vyuma jalalani yumo hatarini kabla ya afisa yeyote wa forodha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguzo za bandarini ni mlinzi wa mwisho. Mlinzi wa kwanza ni yule aliyekabidhiwa chombo hicho kingali salama.